Kiti cha Mpangaji

Ogutu alipoingia sebuleni kwa Nsimire, kitu cha kwanza alichokitazama ni dari. Nsimire aliliona hilo hata kabla hajamkaribisha kiti. Karibu na mlango wa jiko, kengele ya moshi ilikuwa imevishwa kofia ya plastiki ya kuogea, ya rangi ya waridi. Ogutu aliiangalia, akairudia, kisha akaketi kama mtu asiyeona kitu.

Wanawake wengi kutoka Kivu katika jengo lile la Parramatta, huku ughaibuni, walifanya vivyo hivyo. Ukikaanga makayabu, samaki wa chumvi, bila kuifunika kengele, jengo zima litatoka nje. Lakini kuifunika ni kosa. Honorine, jirani yake, alipewa onyo, na muda si mrefu mkataba wake wa nyumba haukuongezwa. Hakuna aliyesema sababu ni kofia. Hakuna aliyesema si kofia.

Nsimire alitoka Bukavu, akapitia miaka ya kambini Uganda asiyopenda kuisimulia, na sasa alihudumia wazee katika makao ya kuwatunza. Kambini ndiko alikozoea kumuuliza kila aletaye habari njema: nani amekutuma?

Habari ya Ogutu ilikuwa njema kupita kiasi. Alikuwa Mkenya, mwimbaji mwenzake wa kwaya, na aliajiriwa na kampuni iliyosimamia jengo hilo.

"Mama Bénie, kuna sheria mpya," alisema. "Inahusu bodi ya jimbo inayosimamia usalama wa moto. Zamani wajumbe walikuwa wajenzi, wahandisi na watu wa bima. Sasa kiti kimoja lazima kiende kwa mpangaji wa kawaida. Kampuni kama yetu zinapendekeza majina, waziri anateua. Mimi nimekufikiria wewe."

"Mimi? Kiingereza changu ni cha 'meza dawa, geukia upande huu.'"

"Kutakuwa na mkalimani."

"Na yule mwalimu wa ghorofa ya nne, anayelalamika ofisini kwenu kila wiki? Mbona hukumwendea?"

Ogutu akacheka. "Huyo ana kelele, mama."

Alikunywa chai, akaaga. Kuhusu kofia, kimya. Kimya hicho ndicho kilichomkosesha Nsimire raha. Angemkaripia, yangekwisha. Lakini mtu anayeona kosa lako akanyamaza huenda analiweka akiba. Alijiona kwenye meza ndefu ya bodi, akitaka kuuliza swali, na mtu fulani akikohoa kidogo na kutaja kofia ya waridi.

Alipomweleza bintiye Bénie wasiwasi huo, binti alimjibu kwa Kiingereza kwamba mama anaona wezi hata kanisani.

"Kanisani ndiko nilikoibiwa mwavuli," Nsimire alisema.

Jumamosi alimwalika Ogutu chakula cha mchana. Mgeni alipoketi tu, Nsimire alipanda kiti, akaivua kofia, akayatia makayabu kwenye mafuta ya moto bila kufungua dirisha. Kengele ilipiga ukelele. Milango ikafunguka, na mwalimu wa ghorofa ya nne akateremka na mbwa wake.

"Mama Bénie, funika hiyo kitu," Ogutu alisema, ameziba masikio.

"Niifunike mbele yako tena?"

Alizima jiko, akapepea moshi kwa kitenge mpaka kengele ikanyamaza, kisha akaketi mbele yake.

"Leo nitawaambia ofisini kwenu kwamba nilikuwa naifunika. Wakinifukuza, wanifukuze kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa hiyo huna tena cha kunishikia. Nani alikutuma?"

"Kukushikia? Mimi?" Ogutu alimkodolea macho. "Kwetu mke wangu Peninah anakaanga omena, dagaa wetu wa ziwani, na kengele tumeivisha soksi. Niliitazama yenu kwa sababu ni safi kuliko yetu."

Nsimire hakutabasamu. "Sikuuliza habari za soksi."

Ogutu alitazama sahani yake tupu. "Meneja. Alisema nitafute mpangaji mzuri. Asiye na maneno mengi."

"Ukaniwaza mimi."

"Nilijua meneja hakujui vizuri. Ningekuja kwako kama kweli nilitaka mtu bubu?"

Jibu lilikuwa zuri. Nsimire alilipima, akashindwa kujua kama Ogutu alikuja nalo siku ile ya kwanza au amelitunga sasa hivi.

"Mpelekee jina langu," alisema mwishowe. "Lakini kabla sijaingia kwenye bodi yao, nataka kusikia huyo mwalimu hulalamikia nini kila wiki, na nimsikie mwenyewe, si kupitia kwenu."

Alimpakulia samaki, akamwita Bénie aje kumtafsiria, wakapanda ghorofa ya nne. Alimwacha Ogutu akila peke yake sebuleni, lakini mkoba wake mwenyewe alikwenda nao.