Sauti Iliyonikimbia Nilipobaki Peke Yangu

Nakumbuka Jumamosi moja alasiri, mwanangu Latifa, nimesimama mbele ya kioo katika chumba cha kubadilishia nguo, nyuma ya ukumbi mmoja wa sherehe pale Kariakoo. Nikajaribu kujisalimia mwenyewe. "Mambo, Tausi." Haikutoka sauti. Midomo ilicheza, pumzi ikapita, basi. Kule nje MC alikuwa analitaja jina langu, jina langu peke yake, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani lisiwe langu.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulikuja kuniambia umetoka kwenye kundi lenu, unataka kuimba mwenyewe. Uliongea kwa furaha, lakini nilikuona unavyomeza mate kila ulipotaja siku ya shoo. Sikutaka kukuuliza mbele ya rafiki zako uliokuja nao. Leo tuko wawili, kaa hapo nikueleze.

Enzi hizo tulikuwa watatu, tukijiita Mabinti wa Gerezani, jina la mtaa tuliofanyia mazoezi. Mimi, mtoto wa mbeba mizigo wa bandarini, wazazi wangu watu wa Masasi. Neema, ambaye baba yake Mchaga alikuwa na duka la jumla la vyombo vya plastiki. Na Rehema wa Buguruni, mcheshi, mtu wa kukuchekesha hata kwenye msiba. Rehema aliimba juu, Neema chini, mimi katikati. Anayeimba katikati, mwanangu, watu hawamsikii sana, ila akinyamaza wimbo unatoboka. Mimi nilikuwa muoga tangu utotoni. Tukipanda jukwaani, Rehema alinishika kidole mpaka ngoma ianze. Watazamaji walidhani ni staili yetu, na wasichana wengine wakaiga.

Kundi likavunjika bila ugomvi wowote, ingawa magazeti ya udaku yaliandika yao. Neema alikwenda Moshi kusomea uuguzi. Rehema aliolewa, mumewe akamchukua Songea. Nikabaki mimi na meneja wetu, kaka mmoja tuliyemwita Bro Side. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake aliisukuma kwa watu wengine.

"Dada, hii ndiyo nafasi yako," aliniambia. "Ukilaza damu sasa hivi, ikipita Idi hakuna atakayekukumbuka."

Hayo ya kusahaulika yalinichoma kuliko yote. Tukarekodi. Wimbo ukapigwa redioni, na wauza muziki wa Kariakoo wakauweka kwenye spika zao. Nilikuwa nikienda kununua nyanya naisikia sauti yangu inanifuata kutoka kibanda hiki mpaka kile, na badala ya kufurahi najitanda kanga mpaka machoni. Studio sikuogopa. Nilifumba macho, nikajifanya wenzangu wako pembeni yangu. Ukumbini hapakuwa na kufumba macho.

Siku hiyo niliyokutajia nilitoka hivyo hivyo. Nikapata sauti nusu, ya kukwaruza, na sehemu za kiitikio nikaacha CD iimbe huku mimi natikisa mabega. Wanawake walinipigia makofi ya huruma. Mmoja akaniambia mlangoni, "Pole na mafua, mdogo wangu." Nikaling'ang'ania neno hilo. Mafua. Tangu siku hiyo kila aliyeniuliza nilimjibu mafua.

Nyumbani niliishi na Mama Mkubwa Somoe, dada wa mama yangu, fundi cherehani aliyeshona madera kwenye baraza ya duka moja hapo hapo Kariakoo. Ujana wake alikuwa mwimbaji wa taarabu. Habari hizo alikuwa hapendi kuzizungumza. Kila nikirudi aliniuliza, "Mazoezi yalikwendaje?" Nami najibu, "Salama, Mama." Usiku silali. Nauwaza umati mpaka alfajiri.

Idi pili palikuwa na shoo kubwa ya mchana kwenye uwanja mmoja huko Ilala. Picha yangu ilibandikwa kwenye kuta. Bro Side aliposikia ninavyokwaruza mazoezini, hakuniuliza ninaogopa nini. Alinichukua mpaka Buguruni, nyuma ya gereji, kwa mtu aliyemwita Dokta. Mlangoni hapakuwa na kibao. Ndani palikuwa na pazia la maua, kiti cha plastiki na harufu ya spiriti.

"Ni sindano ya nini?" nikauliza.

"Ya sauti," yule Dokta alisema, bila kunitazama. "Waimbaji wote wakubwa wanachoma. Unaimba mpaka basi, koo halina habari."

Mwili mzima ulikuwa unaniambia nyanyuka uondoke. Nikamtazama Bro Side, akaniangalia kwa macho ya mtu aliyekwisha kuwaahidi watu. Nikakunja mkono wa blauzi.

Na kweli, mwanangu, siku ile niliimba. Niliimba kama niliyeazimwa mwili wa mtu mwingine. Koo sikulisikia kabisa, nikapanda juu kule kwa Rehema, nikashuka chini kwa Neema, nikapiga kelele watu wakapagawa. Katikati ya wimbo wa mwisho kitu kikafyatuka shingoni, kidogo tu, bila maumivu. Nikaendelea. Ni nini kilichofyatuka, nilikuja kujua kesho yake.

Asubuhi yake Mama Mkubwa alikuwa anawasha jiko uani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Ilitoka hewa. Akageuka. Nikarudia, hewa tena, na ladha ya damu mdomoni. Mama Mkubwa akauacha mkaa, akaja kunishika uso.

"Tausi, umefanya nini?"

Nikamwonyesha mkono, pale kwenye alama ya sindano. Hakunipigia kelele. Alijitupia kanga begani, akanishika mkono, tukaenda hospitali.

Daktari, mama wa makamo, alinichungulia kooni kwa kioo chenye mpini mrefu. Akasema mshipa mdogo umepasuka kwenye nyuzi za sauti, damu imevilia hapo hapo. "Usiongee. Hata kunong'ona usinong'one. Ikirudi, itarudi. Inaweza ikarudi nyingine. Siwezi kukuahidi, binti."

Jioni Bro Side alikuja barazani kusema kuna shoo nyingine, na kwamba yule Dokta ana dawa ya nguvu zaidi. Mama Mkubwa aliendelea kushona. Alipomaliza pindo ndipo aliponyanyua uso.

"Baba, huyu mtoto mmeshamtumia. Sasa mwacheni apone."

"Mama, mashabiki wanamsubiri."

"Na mimi nasubiri aniamkie. Nenda."

Akaenda. Haikupita muda akapata msichana mwingine, na juu ya picha zangu zikabandikwa za huyo.

Wiki zile za ukimya sitaki uzipate. Kariakoo nzima inapiga kelele, wamachinga wanaita bei, wapagazi wanaomba njia, mimi peke yangu bubu. Siku moja mkokoteni wa marobota uliponyoka, ukawa unarudi kinyumenyume kuelekea barazani, na Mama Mkubwa ameinamia cherehani, haoni. Nilifungua mdomo nimwite. Hakuna kitu. Nilikimbia nikamvuta kwa nguvu tukaanguka wote wawili, mkokoteni ukagonga meza na kuibomoa. Nilikaa chini nikilia bila mlio. Siku zote nilikuwa naulilia muziki, kumbe sikuwahi kufikiria kwamba hata kumwita mtu ninayempenda ningeweza kushindwa.

Mama Mkubwa alijikung'uta vumbi, akakaa karibu yangu pale pale chini.

"Kwa kuwa huwezi kunijibu, leo utanisikiliza," alisema. "Unajua kwa nini niliacha taarabu? Niliogopa. Nilitapika nyuma ya pazia kila wiki, sikumwambia mtu. Mwisho nikawatangazia watu kwamba mume wangu amenikataza. Maskini marehemu, hakuwahi kunikataza kitu! Watu wakamchukia bure, na mimi nikamwacha achukiwe."

Akanishika kidevu. "Kuogopa si kosa. Kilichonikasirisha ni kwamba hofu yako uliipeleka kwa mtu mwenye haraka zake, ukanificha mimi ninayekupikia uji. Ungeniambia, ningekwenda na wewe mpaka jukwaani, nisimame pale nionekane kituko. Usinifanyie hivyo tena."

Siku daktari aliporuhusu nijaribu, nilikataa. Niliogopa zaidi ya siku ya ukumbini, maana nilijua nikijaribu nitapata jibu. Mama Mkubwa akasema, "Haya, tujaribu pamoja." Tukasema "aaa" sote wawili ndani ya chumba cha daktari, kama watoto wa chekechea. Akanyamaza yeye kwanza. Sauti iliyobaki ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, ya mwanamke nisiyemjua. Nilimsikiliza, nikalia, kisha nikamwamkia Mama Mkubwa.

Nilirudi kuimba baada ya muda mrefu. Ilikuwa sherehe ya mchana ya kumfunda binti wa mteja wa Mama Mkubwa, wanawake watupu. Nilishika kipaza sauti nikasema, "Jamani, naogopa." Bibi mmoja akajibu kutoka nyuma, "Imba, mwanangu, hapa hatuli mtu!" Wakacheka, nami nikacheka, nikaimba. Sauti ilikatika mara kadhaa. Hakuna aliyeondoka.

Sitakudanganya kwamba nilikuwa nyota. Ule wimbo wa redioni ulisahaulika kama nilivyoambiwa. Lakini niliimba na bendi miaka mingi, mimi peke yangu mbele, na wenye harusi wa Temeke mpaka Buguruni waliniita kwa jina. Hofu haikuniacha hata siku moja. Nilimwambia mpiga ngoma kila mara kabla ya kupanda, naye ananijibu, "Sawa dada, tutaanza polepole."

Basi nakusihi hivi, mwanangu. Kabla hujatafuta meneja, mtafute mtu mmoja wa kumwambia unachoogopa, mtu asiyepata chochote ukiimba wala asiyepoteza ukikaa kimya. Koo likiuma, futa shoo, wakasirike wanaokasirika. Mtu akikupeleka kwenye chumba kisicho na kibao, akakutolea dawa bila kukutazama usoni, ondoka, hata kama picha zako zimejaa mji mzima. Na wakikutisha kwamba utasahaulika, waambie Tausi alisahaulika na bado anakula, anacheka, ana watu wake. Halafu nenda ukaimbe. Mimi sijakwambia usiimbe.

Mungu akulinde, mama. Akuhifadhie pumzi yako, akupe masikio yenye subira mbele yako na mioyo ya kweli nyuma yako. Siku utakapokwama, akuletee mtu wa kukaa nawe chini. Na kila utakaporudi nyumbani, urudi na sauti ya kumwamkia mama yako. Amina.