Neno Moja kwenye Kadi ya Candia

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa bado kijana katika ukarani wa serikali kule Koboko, nikisifiwa kata nzima ya Abuku kwa daftari zisizo na doa, nilipompeleka kaka yangu Candia hospitalini Arua kwa kikohozi kilichokataa kupona.

Candia alikuwa mzee wa kanisa kijijini Manibe, na katika kanisa lile mvutaji hakuruhusiwa hata kushika kapu la sadaka. Lakini tulilima tumbaku. Kila msimu alikwenda bandani "kutazama moto" wa kukaushia majani, na humo alisokota jani na kuvuta apendavyo. Nguo za mkaushaji hunuka moshi siku zote, nani angeuliza? Mimi nilijua tangu ujana wetu.

Muuguzi akanipa kadi nijaze. Palikuwa na swali: anavuta? Kwenye benchi letu walikaa akina mama wawili wa kanisa lake.

"Andika hapana," Candia akaninong'oneza. "Hawa wamama iko nasikia kila kitu. Na ile ya shamba si sigara, ni majani tu."

Nikaandika: havuti. Kwa mwandiko mzuri. Mimi, niliyewahi kumkatalia mkuu wangu kubadili tarehe moja!

Wakadhani ni kifua kikuu, wakamtibu kwa miezi, mpaka akakonda na uso ukamvimba. Ndipo kipande cha pafu lake kikapelekwa Kampala kupimwa. Majibu yalipokuja, daktari, mama mtu mzima, aliiweka ile kadi mezani mbele yangu.

"Bwana karani, kaka yako iko navuta, ama hapana?"

"Anavuta, daktari. Tangu ujana."

"Sasa wewe ulificha nani? Mimi si mchungaji. Niliuliza moshi, sikuuliza dhambi."

Akanieleza polepole. Ilikuwa saratani ya mapafu, nayo si ya aina moja. Ipo inayowapata hata watu wasiovuta. Hii ya Candia, ya seli ndogo, huenea mwilini kwa haraka, na ni nadra sana kumpata mtu ambaye hajavuta kamwe. Kadiri mtu avutavyo kwa wingi na kwa miaka, ndivyo hatari inavyozidi, liwe jani la shambani au la dukani. Kama yeye daktari angejua kwamba Candia anavuta, angeitafuta mapema. Sasa ilikwisha kufika kwenye ini.

Tulimzika kabla ya mavuno. Baadaye niliiomba ile kadi, nikapiga mstari mmoja juu ya neno langu, nikaandika "anavuta", nikatia sahihi pembeni kama kanuni inavyotaka. Sahihisho lilikuwa safi kabisa, na halikumfaa mtu yeyote.

Kwa hiyo, mwanangu, usianze kuvuta. Na kama umeanza, acha leo. Ukiulizwa hospitalini, sema unavuta nini, kiasi gani na tangu lini, hata kama mchungaji mwenyewe ameketi benchi moja nawe. Nanyi wa makanisani, mkemeeni moshi, lakini msimfanye mgonjwa auogope ukweli.

Mungu akujalie pumzi ndefu, na akupe ndugu atakayeandika juu yako yaliyo kweli.