Mawe ya Sinema

Sijui kama mimi ndiye wa kueleza habari ya sinema ya Kajiado, kwa sababu sikuwahi kuona filamu hata moja ndani yake. Nilipoolewa nikaja kutoka magharibi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, video zilikuwa zimeshaiua. Ukumbi ulikuwa stoo ya mahindi, halafu ukawa wa popo. Lakini kile chumba kidogo cha mbele, mahali tiketi zilikuwa zinauzwa, nilikipanga mimi. Nikakipaka rangi ya kijani, nikaweka cherehani. Nilishona yunifomu hapo miaka mingi, barabara kuu ikipita mbele yangu. Kazi nyingine sikuwa nayo.

Mwenye jengo alikuwa mzee wa Kimaasai aliyeuza ng'ombe akalinunua kwa Mhindi. Kitengela ilipoanza kufura na bei ya ploti kupanda mpaka kwetu, akaamua kuuza. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara kutoka mkoa wa Kati, mtu wa kanisa, mpole. Nasema mpole kwa sababu hata baada ya yote sijapata neno lingine.

Walielewana chumbani mwangu, wakinywa chai, mimi nikitia vifungo.

"Nyuma bomoa, jenga gorofa mpaka uchoke," mzee alisema. "Mbele uache. Hizo nguzo, na veranda, na huyu yeyo na mashine yake. Nikikuta umemtoa, tutakosana."

Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Aliniita hivyo ingawa ningeweza kuwa binti yake.

"Mzee, sinema bila mbele ni nini?" mnunuzi alijibu. "Mbele inabaki. Nitapaka rangi tu."

Wakashikana mikono.

Wakati huo bwana yangu alikuwa karani Kitengela, na tulikuwa tumepata kaploti huko. Hakuwa anapata ruhusa kazini, kwa hivyo nilifunga chumba nikaenda kusimamia msingi wa nyumba. Dalali alikuwa amempatia mawe yaliyotumika, bei ya chini. Niliona ni baraka. Lori la kwanza lilishusha kabla sijafika, na fundi akayalaza yote kwa mtaro na simiti juu.

La pili lilifika nikiwepo. Jiwe moja lilikuwa na upande wa kijani. Nikafikiri, watu wengi wanapenda kijani. Halafu nikaona msumari wangu wa kutundikia futi ya kupimia nguo.

"Hii mawe imetoka wapi?" nilimuuliza dereva.

"Kajiado, mathe. Ile sinema. Hii ndio mawe ya ukweli, si hizi zenu za siku hizi zinavunjika kama mandazi ya jana."

"Ni ya nyuma, si ndiyo?"

Akacheka. "Nyuma kuna mawe? Nyuma ni udongo na mabati, mathe. Mawe ilikuwa mbele pekee."

Nilikaa chini kwa mchanga. Kwetu anayebomoa jengo kuukuu hapewi pesa, anajilipa na kile alichobomoa. Ndivyo kila mtu anafanya, na mnunuzi naye, nilikuja kusikia, alifanya hivyo: aliwaambia vijana wa kubomoa wasiguse mbele, mawe ya nyuma yawe yao. Alidhani chini ya plasta kote ni mawe, na hakuna aliyekwaruza kuangalia. Wao walikwaruza. Wakakuta udongo, na siku hiyo yeye alikuwa Nairobi, kwa hivyo wakajilipa na mbele. Nimejiuliza mara nyingi, kama ni mimi nina watoto wa kulisha ningefanyaje, na sijapata jibu ninaloliamini.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Kajiado. Mahali pa chumba changu palikuwa na hewa tu, unaona mpaka kule nyuma ya soko. Cherehani yangu ilikuwa ng'ambo kwa bucha, imefunikwa gunia, na yunifomu zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Walewale waliobomoa ndio walikunja. Hilo lilinishtua kuliko ukuta.

"Fundi, sasa utashonea mbuzi suruali," mwenye bucha alisema. Nafikiri alitaka kunituliza.

Mzee alikuwa amesimama kwenye vifusi na fimbo yake, mnunuzi kando, kofia mkononi.

"Tafuta mawe yangu," mzee alikuwa anamwambia. "Utajenga mbele vile ilikuwa, ama hakuna gorofa."

"Nitatafuta, mzee. Hata kama ni kununua mara mbili." Na naamini angenunua.

"Mawe iko kwangu," nikasema.

Wakanigeukia wote. "Kumbe fundi ndiye amekula sinema," mwenye bucha akasema.

Mchana huo tulienda Kitengela kwa pikapu ya mnunuzi. Bwana yangu alikuwa amesimama mbele ya mtaro kama analinda shamba.

"Mimi nilinunua kwa haki," alisema, na ni kweli. "Ya lori chukueni. Lakini ya msingi? Mnataka kubomoa nyumba yangu?"

"Si yako," mzee alimwambia. "Nyumba ni ya mama. Kwetu mwanamke ndiye anaijenga, na mwanaume haigusi." Akatembea juu ya msingi polepole, akatazama kila upande, akamgeukia mnunuzi. "Siwezi kung'oa nyumba ya huyu yeyo ndio nimjengee duka. Wacha hii mawe yote. Maneno yangu na wewe imekwisha. Jenga vile unataka."

Mnunuzi akashusha pumzi. Bwana yangu akamshika mzee mikono miwili akishukuru. Mimi nilichelewa kuelewa. Lile neno lililokuwa linashikilia chumba changu lilikuwa limeachiliwa pale pale mbele yangu, kwa heshima yangu, na hakuna aliyeniuliza. Nilifungua mdomo. Ningesema nini, kwamba nataka nyumba yangu ing'olewe?

Nilimfuata mnunuzi mpaka mlango wa pikapu. "Na mimi? Nitapata chumba?"

Akaangalia chini. "Mama, kama mbele haibaki, hapo ni ngazi na duka kubwa. Labda juu. Orofa ya tatu."

"Nani atapanda huko kupimisha mtoto yunifomu?"

Akapanda, akawasha gari. Mzee alikuwa ameshaingia ndani ya gari, ananipungia mkono, uso umejaa furaha ya mtu aliyenitendea wema.