Siku Niliyoligeuzia Mgongo Gari Jeupe

Hii aibu nimeificha miaka, na mke wangu, aliyehadithiwa na mama, mpaka leo akitaka kuninyamazisha mbele ya wageni hunitazama tu, nami nikaufyata mkia.

Enzi zile za neema ya mafuta nilikuwa nafanya kazi Riyadh. Mama yangu alikuja Jidda kwa umra kutoka Unguja, miaka hatujaonana, na mgongo umemharibika (kukaa kitako hawezi, na njia ya kuja kwangu ni kutwa nzima), basi nikamfuata Jidda, nikasema ninunue huko huko gari la Kimarekani, yale marefu, alale nyuma. Mzee Khamisi, Mzanzibari mwenzetu wa mtaa wa Al-Safa hapo Jidda, alikuwa anauza mawili, yote makuukuu: la kijani, kiyoyozi chake kinatetemesha meno ila springi za kiti cha nyuma zinachoma, na jeupe, linatoa moshi kidogo lakini kiti, wallahi, godoro. Nikajilaza. Nikaamua hapo hapo: jeupe.

Ningelipa tukaondoka. Lakini mimi mtu wa soko la Darajani, nikaanza kulitia ila, rangi imepauka, mlango unalia, moshi kama jiko la kuni, kisha nikageuza mgongo nikaondoka polepole, kama tufanyavyo kwetu, ningoje kuitwa.

Sikuitwa. (Nikainama kufunga kamba za kiatu, na nimevaa makubadhi.)

Kugeuka, Athumani, dereva wa Kimombasa aliyekuwa kasimama pembeni akinisikiliza, kakaa kwenye jeupe, ufunguo mkononi.

"Shekhe," akasema Mzee Khamisi, "siku hizi pesa zimejaa mtaani, hatumwiti mtu. La kijani nalo lishapata mwenyewe."

Na ruhusa ya kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, ilikuwa inakwisha kesho yake. Nikamwangukia Athumani, naye anakwenda Riyadh, akatuchukua bure, na hiyo bure ndiyo iliyoniuma.

Njiani mama, kalala nyuma, akasema, "Gari zuri hili, baba."

"Mwanao ndiye alolisifu, mama," Athumani akacheka. "Aliliponda sana, nikajua analitaka!"

Tulipoipita Taif mama akanigusa bega.

"Ulikuwa unataka upunguziwe bei, mwanangu?"

"Nilijaribu, mama."

"Na hicho ambacho kingebaki, ungenifanyia nini?"

Tangu siku ile, kitu cha mama nikitajiwa bei, nalipa. Halas.