Eliezeri na Wavu Aliouacha Wazi

Eliezeri Kalinga wa Kilolo ndege anawajua, jamani, wewe mtaje tu. Kazi yake ni kuwanasa kwa wavu laini, kuwavisha pete mguuni kwa ajili ya watafiti, kisha kuwaachia. Kipenzi chake ni jike mmoja mdogo, hafikii uzito wa yai la kuku: kifua rangi ya chungwa, mgongo wa kijivu, miguu mirefu. Hurukaruka chini kivulini akifuata siafu, adake wadudu wanaowakimbia. Shamba la mahindi havuki ng'o, hata umfukuze. Miaka saba Eliezeri anamnasa palepale, na jina kampa, Devota. Wenzake wanamcheka mpaka basi.

Asubuhi moja ya Juni alitandaza wavu, akijua kaburi la mzee Fanueli, marehemu wa kijijini kwao, litaanza kuchimbwa saa nne. Saa moja akapigiwa simu: "Njoo, wenzako wameshaanza!" Akakimbia. Wavu akausahau wazi.

Alikumbuka akiwa ndani ya shimo, sururu mkononi. Manyunyu yalikuwa yameanza. Ndege aliyelowa wavuni hamalizi saa nzima. Devota akinaswa humo akafa, aliyemuua ni yeye. Na kwao, aliyeingia kaburini hatoki mpaka kazi iishe. Asiyechimba hachimbiwi. Tena wakakuta mwamba! Akapiga sururu, akatazama msitu, akapiga tena. Alibanwa kila upande. Aliuchukia mwamba, akawachukia watu, akakichukia na kichwa chake mwenyewe.

"Mbona unahema hivyo?" aliuliza Timotheo, mtoto mkubwa wa marehemu.

"Nimeacha wavu wazi, kaka. Niende mara moja tu."

"Kwa ndege? Baba yangu hajazikwa, wewe unawaza ndege?"

Eliezeri akatua sururu. Kisha akapanda juu, akapita mbele ya wanaume wote, hakugeuka.

Devota alikuwa ananing'inia wavuni kichwa chini, macho yamefumba nusu. Alimnasua uzi kwa uzi, akamtia ndani ya koti mpaka akaanza kufurukuta. Akamwachia, akaufunga wavu. Loo, Eliezeri alifurahi hadi machozi!

Akarudi mbio. Mwamba ulikuwa bado haujapasuka. Akanyoosha mkono apewe sururu, hakuna aliyempa.

"Umemwahi?" aliuliza Timotheo.

"Nimemwahi."

"Afadhali. Siku yako ikifika, ndugu yangu mnyalukolo, atakuja huyo ndege kukuchimbia."