Marundo Mawili ya Pamba

Siku yangu ya kwanza kazini, wakati wa Wabelgiji, nilikabidhiwa mfuko wa maharagwe mekundu na meupe, nikaambiwa hiyo ndiyo elimu. Nilikuwa mwalimu wa foyer ya Kasongo, nyumba ambamo wanawake walifundishwa kushona na kulea. Kiangazi, shule ya wadogo ilipofungwa, Madamu Dirikta, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wetu, alitutuma vijijini tuwaonyeshe akina mama namna ya kuwafundisha watoto nyumbani kabla ya darasa la kwanza: kutunga shanga, kuchora majivuni kwa kidole, kufinyanga udongo. Kubwa zaidi lilikuwa kuchambua. Mtoto anatenga maharagwe kwa rangi. Akimaliza, unayachanganya, anaanza tena. Baadaye niliisoma kanuni hiyo universite, ikiwa na jina refu zaidi.

Nilipangiwa kijiji cha Lusangi. Kiangazi ni msimu wa pamba, na pamba ililimwa kwa amri. Nilimkuta Mama Feza ameketi mbele ya lundo zima, na soko lilikuwa kesho yake. Pamba nyeupe tupu ilipata bei nzuri. Ikichanganyika na ya manjano, yote ilihesabiwa ya daraja la pili. Bei ya pili isingetosha kodi ya mume wake, na asiyelipa kodi alifungwa.

"Mwalimu, weye uko na maharagi, mimi niko na pamba," alisema. "Kesho sokoni watapima ya nani?"

"Madamu anakuja leo kuangalia mutoto anacheza."

"Basi acheze hapa." Akamketisha Feza, binti yake wa miaka mitano, kando ya lundo. "Nyeupe huku, manjano kule. Na pua usifutie nyeupe!"

Feza alichambua asubuhi nzima akiimba. Mimi nami nilichambua, nikijiita msimamizi. Jua lilipofika utosini, marundo mawili yalikuwa tayari. Ndipo Madamu akatokea, amelowa jasho. Akatazama, akapiga makofi.

"Muzuri! Muzuri sana!"

Kisha akainama, akakumbatia pamba ya manjano, akaimwaga juu ya nyeupe, akaikoroga kwa mikono miwili.

"Tena, Feza! Tena!"

Kwa mujibu wa mafunzo yetu, hakukosea hata kidogo.

Feza akaangua kilio. Mama yake hakulia. "Madamu," alisema polepole, "mutoto amechoka. Na mama yake pia."

Tuliondoka, kwa kuwa nyumba ya jirani ilikuwa inangoja maharagwe.

Usiku haukutosha kuichambua upya, na pamba ile ilinunuliwa kama ya pili. Baba Feza alifungwa, akarudi amekonda.

Mwaka uliofuata nilirudishwa Lusangi. Nikapiga hodi, nikiwa tayari kufukuzwa. Mama Feza alifungua mlango.

"Karibu, Mwalimu. Lakini maboko nyuma."

Nikasimama, mikono mgongoni, Feza akichambua. Madamu alipofika kijijini, nilimzungusha kwanza kwa majirani wote, polepole, nikimsifia kila bakuli la maharagwe, mpaka pamba ya Mama Feza ikafungwa magunia.

Nikahamishiwa Wamaza, kisha Nyangwe, chini ya Madamu wengine, na baada ya uhuru chini ya wakurugenzi wenye tai. Sasa nimestaafu, na miguu inauma. Walimu vijana wananiuliza watoto wadogo wafanye nini nyumbani wakati wa vakansi, shule ikifungwa. Nawaambia wamuulize kwanza mama ana kazi gani siku hiyo, wampe mtoto kipande chake, kisha wasimame kando. Wananitazama wakingoja niendelee. Kujifunza hilo tu kulinichukua maisha yote ya kazi, na saa za kusimama kando hazikuhesabiwa kwenye pensheni.