Jinsi nilivyofunga AC ya pili juu ya camper trailer yetu hapa Ifakara, kisa mama mkwe

Wakuu, poleni na joto. Najua wa Dar na Moro mnapikwa kama sisi tu.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, siyo chai. Mke wangu kakaa pembeni anasoma ninavyoandika, nikiongeza chumvi ananifinya.

Na niseme mapema kabisa: leo najisifu. Asiyependa kusoma mtu akijisifu ahamie jukwaa la siasa, huko hawajisifu hata kidogo.

Mimi ni Msukuma wa hapa hapa bondeni. Wazazi walikuja na ng'ombe, nikazaliwa Michenga, na uchungaji ukanishinda mapema. Nikaangukia kwenye mashine za kukoboa mpunga. Naendesha, natengeneza, nafunga mota. Mke wangu ni Mpogoro wa Lupiro, ng'ambo ya mto.

Tunajenga mtaa wa Viwanja Sitini. Nyumba imefika kwenye linta na hapo imepumzika. Wajenzi wenzangu mnanielewa.

Sasa wakati tunatafuta pa kujibanza, kuna mgeni mmoja alikuwa anatafiti ndege huku bondeni, akamaliza kazi yake akawa anauza vitu. Watu wakagombania jenereta na friji. Mimi nikachukua camper trailer yake.

Kwa wasioijua, ni tela la kuvutwa na gari lenye nyumba ndani. Chumba cha mbele kina jiko na kitanda, cha nyuma kina kitanda, katikati kuna mlango. Juu ya paa, upande wa mbele, kuna AC imekaa kama begi kubwa.

Mtaa mzima ulinicheka. "Msukuma katoka kwenye boma kaingia kwenye kontena." Nikacheka nao, halafu nikaingia ndani nikawasha AC yangu nikalala.

Maisha yalikuwa matamu mpaka mama mkwe alipougua.

Moyo wake umetanuka. Daktari alisema mambo mawili: asikose kliniki, na akae mbali na joto. Kliniki yenyewe iko hapa Ifakara. Akiwa Lupiro alikuwa anakosa, mara barabara, mara mvua, mara anasema leo najisikia nafuu. Ndivyo hali ilivyofika pabaya. Mke wangu akamleta kwetu, tukampa chumba cha nyuma.

Hapa naomba wale ambao hamjui ukwe wa kwetu mnisikilize vizuri.

Mama mkwe kwetu ni heshima ya umbali. Simtazami usoni. Siingii anapolala. Nikimsalimia nasimama mbali, "shikamoo mama", naye anaitikia "marahaba" akiangalia kwingine. Mengine yote yanapita kwa mke wangu, hata kama wote tumesimama pale pale.

"Mwambie mumeo chai tayari."

"Mwambie mama ahsante."

Na msidhani ni mila yangu peke yangu. Bi mkubwa mwenyewe, yaani mama mkwe, kwao ni hivyo hivyo, na yeye ndiye mkali kuliko mimi.

Kabla hajaja, mimi kama fundi nilishajiridhisha kwamba AC ile moja inatosha. Nilifungua mlango wa katikati, nikaenda nyuma, nikakaa kwenye kitanda. Baridi safi. Nikamwambia mke wangu mama atalala kama yuko Mahenge, kule mlimani kwenye baridi.

Nilipima AC, sikumpima mkwe.

Siku moja mke wangu akaniuliza, "Hivi unajua mama akisikia pikipiki yako inaingia anafanya nini?"

Nikasema sijui.

"Anafunga mlango wa katikati."

Wakuu, hapo ndipo nikaelewa. Mchana nikiwa mashineni mlango uko wazi, anapata baridi na mwanaye. Nikirudi tu, anafunga, maana haiwezekani alale mlango wazi na mkwe yuko upande wa pili. Bati la tela limeshakula jua kutwa nzima, na yeye anajifungia humo. Kumbe kinachompika mama ni mimi kurudi nyumbani.

Najua kuna mtu ataandika "si mngemwekea feni". Feni ilikuwepo, ilikuwa inazungusha joto. Mwingine ataandika "mngebadilishana vyumba". Mama mkwe akalale kwenye kitanda cha mkwe? Mkuu, heri angelala shambani na panya.

Nikaanza kuchelewa kurudi makusudi. Nashinda mashineni hata kama hakuna mpunga. Lakini mwisho wa siku mtu lazima alale kwake.

Ikaja Jumapili. Tumetoka misa, nimeshinda nyumbani, mlango umefungwa kutwa. Mchana mke wangu akaingia kumpelekea maji akamkuta mama hawezi kupumua vizuri, kalowa jasho. Tukamkimbiza hospitali. Mungu ni mwema, walimrudisha katika hali yake.

Alipotoka, ujumbe ukanifikia kwa njia ile ile.

"Mwambie mumeo nashukuru kwa yote. Nimeshaongea na kaka yako, atakuja kunichukua nirudi Lupiro."

Mke wangu alinifuata nje akaniambia bila kuzunguka, "Akirudi kule ataacha kliniki. Na akiacha kliniki tutamzika." Analia.

Hapo ndipo nikasema AC ya pili itapanda juu ya hilo paa hata kama nitaibeba kwa meno.

Mafundi AC wa mjini niliowauliza wanajua zile za ukutani. Ukuta wa tela ni mwembamba, hauwezi kubeba kitu hicho. Nikapiga simu Dar, nikapata ya mtumba ya juu ya paa, nikahakikisha ni ya umeme wa kwetu siyo wa Marekani. Ikaja kwenye buti la basi.

Uzuri ni kwamba chumba cha nyuma kilikuwa na kidirisha cha hewa kwenye dari. Ukiking'oa, tundu linalobaki linaingiza AC ya aina hiyo. Ila paa ni laini, kwa hiyo niliunganisha mbavu za aluminiamu za kubeba uzito, nikaziandaa mashineni kabisa. AC inakaa juu ya mpira wa sponji, halafu inakazwa kwa boliti nne ndefu kutokea ndani, chumbani. Ukikaza kidogo inavuja. Ukikaza sana mpira unasagika, inavuja pia.

Sasa tatizo. Kufunga hiyo kitu ni lazima nipande juu ya chumba cha mama mkwe, halafu niingie humo chumbani. Kumpita mkwe juu ya kichwa! Hata mke wangu alishika mdomo.

Plan ikawa siku ya kliniki. Wao waende hospitali, mimi nifanye kazi, warudi wakute nimeshamaliza.

Walipoondoka tu nikaanza. Nikang'oa kidirisha, nikafunga mbavu zangu, vijana wawili wa mashineni wakanisaidia kuinyanyua AC mpaka juu, wakarudi kazini. Nikawa bado naweka mpira sawa, nikaona wingu zito linatoka upande wa milima ya Udzungwa.

Na bajaji inaingia getini. Foleni ya kliniki ilikuwa fupi kuliko siku zote.

Mama alikuwa amechoka, akapitiliza moja kwa moja chumbani kujinyoosha. Mimi niko juu nimelala kifudifudi, sijui nishuke au niyeyuke. AC imekaa juu ya tundu bila boliti hata moja. Mvua ikiingia pale, dari, kitanda, nyaya, vyote kwaheri.

Nikamsikia mke wangu ndani, "Mama anauliza uko wapi."

"Mwambie niko juu. Mwambie anisamehe, nashuka sasa hivi."

Kitanda kikalia, kama mtu anainuka.

Halafu sauti ikapanda kwenye upenyo wa tundu, na haikuwa ya mke wangu.

"Baba, usishuke."

Wakuu, tangu nioe, bi mkubwa hajawahi kunitamkia neno moja kwa moja zaidi ya marahaba.

Nikasema, "Mama, nitakuwa nimekaa juu ya kichwa chako."

"Nimekuruhusu. Anayepaua nyumba hukaa wapi, chini? Fanya kazi, mvua hiyo."

Nikafanya kazi. Mke wangu akasimama kitandani kukaza boliti, mimi juu nashikilia AC isihame, na mama kakaa pembeni anaangalia tundu na kutuelekeza. Tulikuwa hatuonani, dari iko katikati yetu, kwa hiyo adabu haikuvunjika hata kidogo.

"Isogeze kidogo kuelekea kwetu," anasema. Kwao ni Lupiro, kusini, ng'ambo ya mto. Nasogeza.

"Umezidisha. Rudi kwenu Usukumani kidogo. Hapo hapo!"

Nilicheka mpaka nusura niteleze.

Mvua ikashuka. Mvua ya Ifakara mnaijua, haibishi hodi. Nimelowa chapachapa, nimeikumbatia ile AC kama ndama.

"Linadondoka tone kwenye kona," mama akasema. "Mwanangu, kaza ule upande wa kwetu."

Mke wangu akakaza.

"Limeacha."

Wakuu, nimefunga mota nyingi bonde hili, sijawahi kusikia neno tamu kama hilo.

Nikashuka nikijua sasa ukurasa mpya, nitaongea na mama mkwe kama binadamu. Wapi! Nimefika tu mlangoni, nikasikia kutoka ndani, "Mwambie mumeo avue nguo mbichi asije akaugua."

Umeme ulinitesa kesho yake. Ukiwasha AC zote mbili kwa pamoja, main switch inaruka. Nikaongeza laini nene ya peke yake, bado umeme ukikatika na kurudi, zote zinaamka kwa pamoja na switch inaruka tena. Na Ifakara umeme unakatika na kurudi mnavyojua.

Nikawaza kimashine. Mtu wa kukoboa mpunga hawashi mota mbili kwa mpigo. Unawasha moja, unasikiliza mpaka sauti yake itulie, ndipo unawasha ya pili. Mota wakati wa kuamka ndipo inakula umeme mwingi. Nikafunga timer ya kuchelewesha moja.

Ipi ichelewe? Sikujiuliza mara mbili. Umeme ukirudi, ya mama inaamka kwanza. Ya kwetu inasubiri mpaka ya mkubwa itulie. Sikumwambia mtu, hata mke wangu.

Baada ya siku kadhaa akaja shemeji yangu na pikipiki kumchukua mama, kama walivyokubaliana. Nilikuwa nyuma ya tela. Dirisha la mama liko wazi kidogo, kajifunika shuka mabegani, kwa baridi!

"Mama, jiandae basi tuwahi," shemeji anasema.

"Nijiandae niende wapi?"

"Si ulisema unarudi nyumbani?"

"Nilikuwa naumwa joto. Hapa kwa mwanangu naondokaje?"

Bi mkubwa akaendelea.

"Kaa usikilize siku umeme ukirudi. Mashine yangu inaanza. Yao inangoja. Mwenye nyumba mwenyewe anakaa kwenye joto ananisubiri mimi nipoe. Wewe kule kwako uliwahi kunifanyia hivyo?"

Kumbe alikuwa analala anasikiliza. Mimi huku nyuma nilishika spana nikaanza kukaza nati ambayo wala haikuwa imelegea, maana macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Shemeji alikunywa chai akaondoka peke yake.

Kliniki iliyofuata mama alienda, na iliyofuata hiyo pia. Siku hizi anashuka ngazi za tela mwenyewe anaanika mboga zake. Na wale waliocheka kontena, wawili wameshaniuliza kama yule mgeni hana rafiki yake anayeuza lingine.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujapima ukubwa wa AC, waulize watu wa humo ndani wanaishije. Milango ya nyumba zetu ina mambo ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya mtengenezaji.

Mafundi umeme mkiona nimekosea mahali nirekebisheni, nakubali, ila mje kwa adabu, kazi yangu haivuji. Na nyie mnaoishi na wakwe chini ya paa moja, hebu semeni mnagawanaje hewa humo ndani.

Bi mkubwa kaambiwa naandika habari zake huku. Kasema, "Mwambie mumeo asisahau kuwaambia kona haivuji."